Jumamosi ya Kuku Niliyonyang'anywa

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,
Cerro Panal, Lima.

Ndugu Mwenyekiti Don Casimiro,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepata nafuu. Kwa vile ulimsimamia binti yangu ubatizo, ningekuita kompadre kama siku zote, lakini leo nimekasirika, na mimi nikikasirika huandika kirasmi.

Jambo lenyewe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nilikuomba nifanye pollada siku hiyo, karamu ya kuku kama tunavyofanyiana wote hapa mtaani shida inapobisha hodi: nauza kadi mapema, nawakaangia watu kuku na viazi, muziki unapigwa, bia inanyweka, na faida inamaliza shida. Ukanijibu kwamba siku hiyo imeshachukuliwa na Doña Griselda, na kanuni ni karamu moja kwa Jumamosi moja. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Shida yangu ni kubwa kuliko ya Doña Griselda. Nakuambia siri, na ibaki kwako. Mtaa mzima unajua kuwa mume wangu Eleuterio yuko likizo. Don Casimiro, hayuko likizo. Kiwanda cha viatu kilimwachisha kazi tangu kabla ya Pasaka. Tumekopa ili tule, tukakopa ili tulipe tulichokopa, na mkopo wa mwisho nimeuwekea rehani cherehani yangu. Jumatatu inayofuata Jumamosi hiyo wakopeshaji watakuja kuichukua, na ndiyo inayotulisha sasa. Naogopa, wala sioni haya kuandika hivyo. Doña Griselda yeye ana shida gani? Nilimuuliza mwenyewe, akaguna tu na kuendelea kumenya vitunguu.

2. Mtaa huu una deni la kuku kwangu. Eleuterio alipokuwa na mshahara hakuwahi kukataa kadi ya mtu. Tumekula kuku wa kuezekea paa la Don Hilario. Tumekula kuku wa meno ya bandia ya mama yake Nélida. Tumekula kuku wa mazishi ya mtu ambaye baadaye alionekana sokoni akichagua maembe. Mara nyingine tulikula tukiwa tumeshiba, kwa heshima tu, mpaka watoto wakawa wanajificha wakisikia harufu ya pilipili. Kwa hiyo siombi msaada wa mtu. Nadai kuku wangu.

3. Nilijaribu kuuza kadi zangu hata hivyo, nikisema ni za kukarabati choo. Kila mlango nilioubisha ulinipa jibu moja: tumeshanunua za Doña Griselda. Don Hilario, ambaye paa lake nimelitafuna mimi, alinifungia mlango huku akicheka. Nilirudi nyumbani nikalia juu ya cherehani, na Eleuterio akanisogeza taratibu kwa sababu machozi yanaleta kutu.

4. Kuhusu Eleuterio mwenyewe. Kamati ielewe kwamba mwanamume aliyekaa bure ni gharama. Anazima jiko maharage hayajaiva ili kubana gesi, halafu anasifia mapishi yangu. Mchana hatoki nje, asije akaulizwa likizo inaisha lini. Ameshona upya viatu vyetu vyote, hata vile visivyokuwa na kasoro, na sasa anachungulia dirishani akitazama miguu ya wapita njia kwa uchu. Kamati ikiendelea kutuchelewesha, kiatu cha mtu kikishonwa bila idhini yake mimi simo.

5. Kwa hayo yote naomba Doña Griselda asogezwe hadi Novemba. Naomba pia kila aliyewahi kunilisha kuku kwa fedha yangu alazimishwe kununua kadi mbili. Aliyefariki awakilishwe na warithi wake, na aliyefariki kisha akaenda kununua maembe anunue nne. Mkikataa, basi kamati yenyewe ifanye pollada ya kunilipa fidia ya pollada niliyonyimwa, na nikaange mimi, maana kuku wa Doña Griselda, tusidanganyane, huwa wabichi karibu na mfupa.

Nangoja jibu lako kwa heshima na hasira zilizo sawasawa. Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, na wajumbe wote wa kamati. Ukimwona Doña Griselda msalimie pia, ila kwa ufupi.

Wako katika kudai haki,
Zenaida Poma

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Doña Griselda alipoingia na beseni la kuku waliolowekwa viungo, akauliza kama friji yetu ina nafasi. Nikamuuliza kwa nini kuku wake walale kwangu.

"Kwa sababu ni wako, komadre," akasema. "Likizo gani hiyo ya kiwandani isiyoisha? Wote tunajua. Tungekwambia ungetufukuza, ndiyo maana nikaandikisha jina langu."

Kadi zimekwisha. Akaweka fedha mezani, zinatosha kuikomboa cherehani na kubakisha za gesi. Anasema hata wewe ulijua tangu mwanzo, kompadre, na kwa hilo tutaonana. Basi futa yote niliyoandika, namba moja mpaka tano. Nimelia sana, na nimemkumbatia Griselda mpaka akaniambia nimwache apumue.

Eleuterio alimshukuru, kisha akachukua kiti akaenda kukaa nje mlangoni. Jua bado linawaka. Watu wanapita wakimsalimu, naye anawaitikia kila mmoja kwa jina. Goti likikuruhusu, panda kilima uje ukae naye.