Vifungo vya Shati Mbele ya Jopo

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Nimenyimwa! Ofisi ya Ustawi inasema ombi langu la posho ya ulemavu limekataliwa kwa kuwa "mwombaji anajimudu kuliko kawaida". Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Haikubadilika.

Mkono wangu wa kulia ulikufa ganzi mwaka juzi, baada ya kiharusi. Hilo halina ubishi. Unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Mimi ni fundi baiskeli, na fundi baiskeli wa mkono mmoja ni mtazamaji wa baiskeli tu. Mke wangu alipokuwepo, mkono wake ndio uliokuwa wangu. Alipofariki, Juni iliyopita, nikaanza kuunda mitambo. Waya wa breki unanifungulia mlango nikiwa kitandani. Birika nimelifunga kwenye pedali: nakanyaga, linainama, chai hiyo kikombeni. Mkate naubana kwenye jiliwa langu la kubania vyuma, naukata bila kuusumbua. Vifungo vya shati navivuta kwa pini ya nywele ya mke wangu, niliyoichomeka kwenye raba ya usukani.

Mkaguzi alipokuja mwezi uliopita nilimwonyesha yote. Dada wa watu alipiga makofi! Mimi nikadhani makofi ni dalili njema.

Dada yangu mkubwa kapiga simu. Rufaa ruksa, kasema, lakini ikigonga mwamba nahamia kwake mwisho wa mwezi. Bila posho sina cha kumlipa msaidizi, na bila msaidizi yeye hapati usingizi. Ameshanunua shuka. Kwa dada hakuna kupigilia msumari ukutani. Hakuna redio baada ya taarifa ya habari. Na hapa mlangoni pana alama ya kisigino cha mke wangu kwenye saruji. Aliikanyaga kabla haijakauka, kisha akanilaumu mimi. Nitaiacha na nani?

Siendi.

Jumanne, 4 Machi

Nimejishusha nikaenda kuomba ushauri kwa jirani. Mtaa mzima tunamwita Mgongo, kwa sababu ya mgongo wake mbovu uliompatia posho kwa ombi la kwanza tu, bila rufaa, na hajaacha kutusimulia. Wiki iliyopita nilimkuta amebeba mtungi wa gesi begani. Aliponiona akautua, akashika kiuno.

Alicheka hadi akakohoa. "Mtu mzima unawafanyia ofisi maonyesho! Kwani ulikuwa unaomba posho au unaomba kazi?"

Nikamwambia mimi sitaki kudanganya. Akauliza kama mkono wangu ni mzima. Nikasema hapana. Basi si uongo, akasema, ni kuutangaza tu.

Somo la kwanza lilikuwa kuguna. Mguno wangu wa kwanza alisema ni wa mtu aliyeshiba. Wa pili, wa mtu aliyeachwa na basi. Wa tatu ukamridhisha, lakini ukamleta pia mke wa mwenye duka, mbio, na chupa ya maji ya moto, akiuliza nani anakata roho. Mgongo akamwambia tunaimba.

Ijumaa, 7 Machi

Rufaa nimeipeleka. Karani kasema mkaguzi atarudi kwangu Jumatatu, na Alhamisi nitaitwa mbele ya jopo. Nikamgunia karani ule wa tatu, kwa mazoezi. Akanielekeza choo kilipo.

Jumapili, 9 Machi

Mpango mkubwa! Mkaguzi akija asikute mtambo hata mmoja. Leo nimeing'oa yote nimeihamishia kwa Mgongo. Yeye hawezi kubeba kitu mbele za watu, kwa hiyo mlemavu ndiye aliyebeba, mwenye mgongo akasimamia. Alinikosoa ninavyotembea.

Pini peke yake nimebaki nayo. Iko mfukoni. Siwezi kuilaza kwa watu.

Jioni nilitaka chai. Birika liko kwa Mgongo, na sufuria ya maji ikanishinda. Nikanywa maji ya bomba, nikalala na shati.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi alibisha hodi. Kwa mazoea nikanyoosha mkono nivute waya. Hakuna waya. Nikamwambia: mwanangu, ingia tu, sukuma mlango. Alinikuta kitandani, shati limejikunja, kandambili moja mguuni na nyingine sijui iko wapi. Mkate uko mezani, mzima, una alama za meno ubavuni. Akauliza mzee umekula. Nikasema nimejaribu. Akaniwekea chai mwenyewe, anaandika, uso umejaa huruma. Nikatoa mguno wa tatu. Akaacha kalamu, akanishika bega. Mambo yalikuwa yananyooka!

Mlango ukafunguka puu. Mgongo! Kakumbatia birika langu na pedali yake, suruali imelowa chai mpaka magotini.

"Jirani, hili dude lako linanimwagia tu! Linakanyagwa wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema simjui. Nafasi nzuri kabisa. Lakini alikuwa amelikanyaga kwa kisigino! Mtu yeyote anajua pedali ile ni ya vidole. Kufumba na kufumbua niko chini sakafuni, namweleza kuhusu springi, namwonyesha pembe ya kuinamia. Mgongo naye akapiga magoti, akachungulia chini ya birika, akainuka mara moja kama kijana, bila hata kushika kiuno.

Mkaguzi akamtazama. Akamuuliza jina lake kamili. Mgongo akakumbuka kuna kitu ameacha jikoni kwake.

Safari hii hakuna makofi. Ameandika ukurasa mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Dada kaja kunisindikiza na sanduku tupu. Kasema hapendi kufanya safari mbili.

Jopo la rufaa ni watu watatu: mwenyekiti mpole mwenye kikohozi, daktari, na mama mmoja mwenye mafaili. Dada alinipa masharti njiani: usieleze, usionyeshe, usitabasamu. Nikakubali yote.

Mwenyekiti akafungua ripoti ya mkaguzi. Akasema humu kuna habari za mitambo, hasa ule wa kufungia vifungo. Ni kweli? Nikatazama sakafu. Nikasema mitambo gani.

Akauliza, kwa upole kabisa, hicho kinachochungulia mfukoni ni nini.

Pini!

Akasema angependa kuona kinavyofanya kazi, kama si usumbufu. Usumbufu! Dada alinifinya kwa nguvu zake zote. Bahati mbaya alifinya mkono wa kulia, sikusikia kitu.

Nikafungua shati, nikabaki na fulana. Nikaanza. Unapitisha pini kwenye tundu, unakinasa kifungo, unavuta. Kifungo cha kwanza kiliponyoka. Nikakifuata, kikaponyoka tena. Hicho huwa kikaidi, nikawaeleza. Cha pili kilikubali, kisha cha kwanza kikafunguka kwa wivu. Chai ikaletwa. Wakanywa. Vikombe vikaondolewa. Mimi naendelea, nimepamba moto, nawapa na maelezo.

Nikawaambia mke wangu alikuwa akianzia chini kupanda juu. Alisema akianzia juu anatazamana na sura yangu, anasahau alichotaka kusema. Maana alifunga vifungo kwa habari. Kila kifungo na habari yake: nani kahama, nani kanunua kitanda kikakataa kuingia mlangoni, jogoo wa nani kaonekana kwa nani. Akifika kwenye kola mtaa mzima umeisha, ananipiga kofi dogo kifuani, nenda kazini. Nikawaambia mtambo huu ni mzuri sana, kasoro yake ni moja: hauna habari.

Mama wa mafaili akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akakitafuta muda mrefu.

Mwenyekiti akauliza kama hufanya hivi kila asubuhi. Nikajipiga kifua. Nikamwambia hapana mheshimiwa, siku nyingi nalala na shati langu nimelifunga tayari, kesho yake naamka nimeshavaa. Ni akili tu.

Nilipomaliza, upande mmoja wa shati ulikuwa umeshuka kuliko mwingine, na kifungo cha mwisho hakikuwa na tundu. Nikainamisha kichwa, nikasubiri makofi.

Hakuna hata mmoja aliyepiga. Daktari anapangusa miwani. Mwenyekiti kasema asante mzee, inatosha.

Nimekwisha. Nimeonyesha, nimeeleza, nimetabasamu. Kwenye korido dada hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitua sanduku, akanifungua vifungo vyote, akanifunga upya. Alianzia juu. Bila habari hata moja.

Jumatatu, 24 Machi

Barua. Nilimwita mke wa mwenye duka anifungulie bahasha, mimi nikageukia ukutani.

NIMEPATA! Posho yote, na fungu la msaidizi wa kila asubuhi! Barua inasema jopo "limeshuhudia lenyewe". Mke wa mwenye duka alipiga kigelegele, nami nikapiga ule mguno wa tatu kwa furaha, akakimbilia maji ya moto.

Dada kalia kwenye simu. Kisha kauliza ile shuka aifanyie nini. Nikamwambia ailalie.

Nimekaa mlangoni mchana kutwa karibu na kile kisigino, nikitafakari. Sasa nimeelewa. Pini iliwashangaza! Mkaguzi alishangaa kidogo, ndiyo maana akapiga makofi. Jopo lilishangaa mno hadi likasahau.

Jumatano, 2 Aprili

Mitambo yote imerudi mahali pake. Msaidizi naye ameanza. Ni mama mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, ananiita baba. Saa ya kwanza tu kanyeshewa chai na birika, kanaswa kidole na jiliwa, kagombana na waya wa mlangoni. Kaniuliza baba, hii ni nyumba au mtego?

Kisha akaja kwenye shati. Nilitaka kumwonyesha pini. Lakini akainama, akashika kifungo cha chini, akaanza: eti mke wa mwenye duka kagundua kuwa mumewe anaficha biskuti nzuri chini ya gunia la chumvi. Kifungo cha pili, biskuti zikapatikana. Cha tatu, mume kahamia stoo. Nikasimama wima kabisa. Nilivuta pumzi kidogo, shati likaze, asimalize haraka.

Pini nimeirudisha kwenye kopo la pini za mke wangu, pamoja na wenzake.

Jioni kaja Mgongo, rangi imempotea. Ofisi imemwita akapimwe upya wiki ijayo. Hajui afanye nini. Kaniuliza, kwa heshima kabisa, kaka, wewe ulishindaje?

Nikamkalisha. Nikamkanyagia chai. Nikamwambia siri: aache kuguna, aache kushika kiuno, hayo yamepitwa na wakati. Jopo linapenda kuona mtu anajimudu. Aende na ule mtungi wa gesi, tena uliojaa, aunyanyue mbele yao mpaka begani.

Na wasipopiga makofi, nikamwambia, ujue umepata.