Taa Mpya za Pijo

Jumatatu, 17 Novemba 2025

Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nisipande ngazi wala hasira. Basi, siku zangu zimebaki chache na nitaandika ukweli mtupu.

Jumamosi mjukuu wangu Lucy anaolewa. Baada ya kanisa, msafara utampeleka kwa wakwe zake kule Mwaya, kando ya ziwa, jioni. Mwanangu Ambilikile ametangaza kwamba gari la mbele litakuwa Harrier ya Ridhwani. Ridhwani! Muuza vipuri wa Mbugani, adui yangu katika bao tangu sote tukiwa na meno. Na Pijo langu 404, lililompeleka Ambilikile mwenyewe kubatizwa? Nyuma ya lori la masufuria. Eti taa zake hazimuliki hata matako ya ng'ombe.

Ni kweli. Lakini hayo hayasemwi mbele ya gari. Nitatangulia mimi, nikishafika nife.

Jumanne, 18 Novemba

Fundi Lazaro kaja na balbu za wati mia. Akawasha. Dunia ikawa nyeupe kwa muda wa chafya moja. Kisha moshi. Swichi imeyeyuka kama siagi. Lazaro kafurahi sana. Anasema moshi ni dalili kwamba umeme unafika. Fundi wa namna hii humpati mara mbili katika maisha.

Dawa, anasema, ni LED, hazili umeme. Zinauzwa duka moja tu. La nani? Sitaki kuandika.

Jumatano, 19 Novemba

Nilimtuma Lazaro aseme ni za trekta. Ridhwani akamuuliza ni trekta gani hilo lenye jina la Pijo. Akazifunga vizuri kwenye karatasi, akatuma na salamu kwangu: Mwalimu amechelewa kufa, sasa anataka kutupofusha.

Ikabaki ruhusa ya Ambilikile. Ninakiri: nilijilaza, nikavuta pumzi kwa miluzi, nikatoa ombi la mwisho. Machozi yakamtoka. Akakubali Pijo litangulie, mradi taa ziwake. Nilipona kwa haraka isiyo na adabu. Nikaomba nyongeza ya wali.

Alhamisi, 20 Novemba

Zimewaka! Lazaro kaziunganisha moja kwa moja kwenye betri. Kuzima ni kufungua boneti na kuchomoa waya, lakini nani anataka kuzima? Mwanga unapanda hadi vilele vya migomba. Majogoo wa mtaa mzima wamewika. Lazaro aliuliza kama auinamishe kidogo. Nikakataa. Bibi harusi anakwenda kwa wakwe, hatafuti sindano.

Mkwe wangu Tusekile, mama yake Lucy, alikuwa uani. Kwa mila yetu mke wa mwanangu hanitazami usoni wala hasemi nami, na miaka yote hii hajakosea. Akiwa na neno, huwaambia kuku. Leo aliwaambia kwa sauti ya kunifikia: "Kuku nyie, mwezi umekufa, usiku ni giza. Ziwani kungu wanapanda. Mwenye taa kali na apite njia ya juu."

Nikaijibu fimbo yangu kwamba nilisomesha biolojia kabla kuku hao hawajawa mayai. Kungu! Vidudu vidogo kuliko mbu! Tutapita njia ya ziwani, wavuvi nao waone.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandikia Mwaya, juu ya gunia la mpunga.

Tulitangulia! Lazaro kwenye usukani, mimi kando yake, kioo nimeshusha ili nipunge mkono. Nyuma yetu Lucy ndani ya Harrier, nyuma yake matarumbeta. Jua lilipozama, barabara yetu ikabaki mchana. Nililia kidogo.

Kisha nikaona moshi ziwani. Nikamwambia Lazaro kuna watu wanachoma majani. Ule moshi ukageuka, ukaja kwetu. Kungu! Wingu zima, kwenye taa, kwenye kioo, ndani ya mdomo wangu uliokuwa ukishangilia. Waipa ikawasaga wakawa uji. Pijo likasimama katikati ya njia nyembamba, mpunga huku na huku. Hakuna wa kupita. Matarumbeta yakakohoa, yakanyamaza. Ambilikile akaja mbio akitaka taa zizimwe. Lazaro akaenda kufungua boneti, hakuiona.

Ridhwani akachungulia dirishani, suti yake nyeusi imekuwa ya kijivu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, umetangulia. Sasa tuambie tunakwenda wapi."

Nilitaka kufa kwelikweli. Harusi ya Lucy, nimeiua mimi.

Ndipo Tusekile akashuka na ungo. Aliubeba tangu nyumbani! Akasimama mbele ya gari, mgongo kwangu, akaliambia: "Wewe Pijo, usizime." Akaulowesha ungo ili kungu wanase, akaanza kuwakumba. Kina mama wote wakashuka, wakafungua vitenge vya sare. Watu wa Mwaya walioona mwanga wakaja na ndoo wakidhani lori linaungua, wakabaki kuvuna. Lucy akapokewa palepale, mbele ya taa zangu, shela imejaa vidudu, anacheka mpaka kushikiliwa. Mikate ya kungu ikafinyangwa, ikakaangwa, ikawa kitoweo, ikamaliza wali wote. Mama mkwe wake akaniuliza kama ukoo wetu huja hivi kila harusi.

Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, ndiyo desturi yetu.

Jumapili, 23 Novemba

Tumerudi nyumbani. Ambilikile kachukua funguo za Pijo. Kwa heshima zote, tata, kaniambia mimi baba yake, taa hizo zinang'olewa. Ridhwani naye kapita, anatafuna mkate wa kungu, anauliza kama Lazaro ana nafasi ya kuifungia Harrier taa kama zangu. Mwizi!

Nikajilaza. Nikavuta pumzi kwa miluzi. Nikatoa ombi la mwisho, la pili: siku ya kuzikwa, Pijo litangulie, njia ya ziwani, jioni, na taa ziongezwe ziwe sita. Ambilikile akatoka akitikisa kichwa. Funguo kaziacha mezani.

Uani, Tusekile akawaambia kuku, "Mtu asije akafa kwenye mbalamwezi, tutakosa kitoweo."

Nimeiambia fimbo iwatoe kuku wasiwasi. Tarehe nitachagua mwenyewe, Lazaro akishapata taa za tingatinga.