Mstari wa Unga Ufutwe Kabla Haujaanza

Lubumbashi, Ijumaa jioni

Kwako Citoyen Baba Mukubwa Donat,
Mjumbe wa kamati ya kantini,
Chumba cha mbele, nyumba hii hii.

Nakuamkia kwa heshima zote.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: kila asubuhi shuleni, tunapoimba na kukichezea Chama mbele ya bendera, mimi hufungua mdomo tu. Sauti haitoki. Nimefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, na Chama hakijapungua. Naanza na siri hii ili ujue kwamba lalamiko langu si la hasira. Ni la kisayansi.

Nakuandikia ingawa tunakula meza moja, kwa sababu mbele yako sauti yangu hufanya kama mbele ya bendera.

Sehemu ya lawama ni yako. Ni wewe uliyeniletea kile kitabu cha ordinateur, yaani kompyuta, kutoka kazini kwenu, ukasema, "Soma hiki, labda utaacha kutoboa ukuta na macho." Nimesoma. Nimefika sura ya kungoja, na tangu hapo sina raha. Kwa faida ya wanakamati, ambao naomba uwasomee barua hii Jumatatu, naeleza kidogo.

Ndani ya mashine kuna programu moja ya kiini inayozitawala nyingine zote, kama Mama Mukubwa anavyotutawala. Kiini hicho kina kazi ndogo ya kungoja, maana mashine ni nyepesi kuliko vyombo vyake na lazima isimame kidogo ili kichapishi kipumue. Ukiiambia "ngoja kiasi hiki", hupiga hesabu kwanza: kiasi hiki ni mizunguko mingapi? Kisha inazunguka bure mpaka itimie. Lakini kabla ya kuingia mashineni, programu hupita kwa mtafsiri, yule mnayemwita compilateur. Mtafsiri mwenye akili akiona kwamba kiasi hicho hakibadiliki kamwe, haiachii mashine irudie hesabu kila mara. Anaipiga mwenyewe, mara moja, kabla kazi haijaanza, na kuacha jibu tu.

Niliposoma hayo nilitazama dirishani, nikaona nchi ambayo haijapita kwa mtafsiri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bendera. Tunamngoja mkurugenzi, anafika, tunaimba, anauliza kama tuna furaha, tunajibu ndiyo. Jibu halijawahi kubadilika. Liandikwe ubaoni, "Wana furaha", sisi twende tukafanye hesabu.

2. Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Kila Jumamosi asubuhi mtaa mzima unangoja lori la majembe. Mkubwa wa mtaa anatazama barabara na kusema, "Iko njiani." Lori haliko njiani. Liko gereji, juu ya matofali, na kuku wa mlinzi wanataga ndani yake. Jambo hilo linajulikana kabla hatujaamka. Tungeweza kurudi nyumbani bila kutoka.

3. Wageni wa heshima. Kitabu kinasema ukiomba kungoja kunakopita kipimo, mtafsiri anakataa pale pale, na kazi haianzi kabisa. Mgeni anayesema "nitatoa maneno mawili tu" apimwe getini kwa kanuni hiyo. Yule wa mwaka jana alipomaliza maneno yake mawili, Rigobert wa darasa letu alikuwa ameanguka kwa jua, amemwagiwa maji, amesimama na ameanguka tena.

4. Mama Mukubwa Marie-Thérèse, nasema kwa unyenyekevu. Akimsindikiza mgeni, kuna kwaheri ya sebuleni, ya mlangoni, ya uani na ya barabarani, na mgeni akishafika njia panda anaitwa arudi, kwa kuwa watoto wake hawajasalimiwa kwa majina. Majina yanajulikana. Yasalimiwe yote sebuleni. (Namba hii usimsomee.)

5. Posho, ule unga tunaogawiwa na kantini ya kazini kwenu. Hapa ndipo panaponiuma. Citoyen Émile wa kantini humuuliza Mama Constance, anayetutangulia mstarini, kila mara, "Muko bangapi kwenu?" Naye humjibu, "Tuko kenda, Émile, balebale ba posho ingine. Unazani niliuzisha moja?" Émile halegei. Anahesabu upya kilo za watu kenda kwa kidole, anakosea, anaanza tena. Hivyo kwa kila familia, nasi tumesimama.

Kwa mpangilio wa namba za kazi, familia yetu husimama siku zote nyuma ya familia ya Mzee Amisi, fundi wa kuunga chuma, watu wa Maniema. Anayetumwa kwao ni binti yake Habiba. Kwa hiyo kila posho mimi hutazama kisogo kimoja na kitambaa kimoja cha kijani, kutoka kwenye ukuta wa kantini hadi dirisha la Émile, na hakuna chochote kinachotokea. Nina sentensi moja niliyoiandaa tangu mvua za mwanzo. Kila mara inarudi nyumbani pamoja na unga. Huo ni mzunguko mtupu kwa maana kamili ya kitabu: unazunguka, hautoi kitu. Mtafsiri angeufuta bila huruma.

Kwa hiyo naomba kamati iamue kwamba kilo za kila familia zihesabiwe kabla, mifuko ifungwe, na kila mfuko uachwe mlangoni kwa mwenyewe. Mstari ufutwe kabisa.

Najua utanipinga kwa kisa cha kichapishi, kile ulichotusimulia mezani mpaka mboga ya sombe ikakupalia. Mtafsiri wenu mpya aliiona ile mizunguko ya kungoja haitoi kitu, akaifuta yote, na kichapishi kikaandika majina ya wafanyakazi wote juu ya mstari mmoja mpaka karatasi ikatoboka. Ulisema, "Ule mujinga alizani kungoja ni bure, kumbe kuko mwengine inje anakuhitaji." Mkalazimika kuweka alama ya kumwambia: hapa usiguse. Lakini hayo, Baba Mukubwa, ni mambo madogo ya kiufundi. Hayahusu watu.

Wasalimie wanakamati, Citoyen Émile na kidole chake, mkubwa wa mtaa, na kuku wa lori. Mama Mukubwa msalimie mara moja tu, iwe ya sebuleni hadi njia panda.

Mtoto wako mtiifu,
Chola

Nyongeza, Jumamosi usiku:

Baba Mukubwa, usiwasomee kamati barua hii.

Nilikwenda nayo kwenye posho. Émile alipokuwa akihesabu watu kenda wa Mama Constance, niliitoa mfukoni nirekebishe namba tatu. Habiba akageuka. "Weye wa bitabu," akasema, "unaandika nini? Leta nione."

Sentensi yangu ikakataa kutoka. Nikampa barua. Akaisoma pale pale, akamcheka Rigobert, akawacheka kuku. Alipofika namba tano akairudia mara mbili. Kisha, bila kuinua macho, "Kisogo, ee? Na ile sentensi iko wapi?"

Nikaisema. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

"Nilizani na yenyewe iko juu ya matofali," akanijibu.

Mbele yetu alikuwa amebaki mtu mmoja. Nyuma yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Mama, pita." Akapita. Habiba akamtazama aliyefuata, mzee mwenye afya kabisa, asiye na mzigo wowote, akasema, "Na weye baba, pita." Tukawapitisha wote, hata wale waliokuja wamechelewa, mpaka Émile akatoa kichwa dirishani: "Bantu bote balishaisha. Nyinyi muko munangoja nini?"

Basi pale kwenye mstari wa unga iwekwe ile alama: usiguse. Namba moja hadi nne unaweza kuendelea nazo.

Barua yenyewe nimeiweka chini ya sahani yako hata hivyo. Uliniuliza kwa ukali mbona unga umefika giza limeingia na bukari, ugali wetu, haijapikwa, nami, kama kawaida, nilifungua mdomo tu.