Sifuri Yangu Ubaoni

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa idara. Sisi wa upimaji ardhi, mwaka wa mwisho, kila mmoja aandike ukurasa mmoja: tukio alilolipenda kuliko yote katika masomo yake. Wageni watakaotembelea idara wiki ijayo watazisoma. Atakayeandika vizuri kuliko wote atatangazwa Ijumaa, na atakuwa wa kwanza kuchagua ofisi ya mazoezi ya kazi. Wa kwanza! Kuna ofisi moja tu yenye feni na kiti cha kuzunguka. Zilizobaki ni porini na mabuti. Kile kiti ni changu.

Shida ni moja: Rula. Ni yule binti wa darasani kwetu anayepiga mstari hata chini ya jina lake. Nimechungulia ukurasa wake. Eti alipita kwenye zahanati mpya, akakuta mafundi wanapandisha ukuta kwenye vigingi alivyovipigilia mwenyewe, akalia. Kulilia vigingi! Babu, jirani yangu bwenini na mshirika wangu wa vipimo, tuliyempa jina hilo kwa mwendo wake, ameandika kuhusu chai ya kambini. Huyo hanitishi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nimeandika kuhusu ule mzunguko wangu wa mwaka jana. Mpimaji huanzia kigingi cha kwanza, akapima pembe kwa chombo cha miguu mitatu na umbali kwa mkanda, kigingi hadi kigingi, akauzunguka uwanja mpaka arudi alikoanzia. Akipiga hesabu, mwanzo na mwisho hupishana kidogo. Wangu haukupishana hata unywele. Sifuri! Darasa zima hakuna mwenye sifuri.

Ukweli ubaki humu ndani. Siku ile ilinyesha, Babu alikuwa anaumwa tumbo. Nikapima pande tatu. Mbili zilizobaki nilizipata mgahawani, kwa kikokotoo, kwa kuanzia kwenye jibu na kurudi nyuma. Sioni ubaya. Ukurasa wangu nimeubandika katikati ya ubao. Wa Rula nimeusogeza pembeni kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha.

Asubuhi nimekuta umati mbele ya ukurasa wangu. Wanacheka. Nikajua ni furaha, nikajisogeza kupokea pongezi. Mmoja wa mwaka wa pili akaniuliza kama nilipika kwa mkaa au kwa gesi. Ndipo Rula akanieleza, taratibu, kama anayemwongelesha mgonjwa: jua hurefusha mkanda wa chuma, jicho huchoka, miguu ya chombo huzama ardhini. Hakuna aliyezunguka vigingi vitano kwa chombo kile chetu kikuukuu akafunga mzunguko kwa sifuri. Kosa dogo lazima liwepo. Lisipokuwepo, mtu kapika.

Miaka mitatu nimekaa darasa hilo! Nimeandika ungamo kwa mkono wangu mwenyewe, nikalibandika mahali penye mwanga mzuri.

Kipindi kilipoisha nikakimbia kuubandua ukurasa ule. Haupo. Mwalimu wa Vipimo kautwaa.

Ameniita saa nane. Mezani pake, daftari langu la mwaka jana. Amesema Ijumaa nitaupima uwanja uleule upya, mbele ya macho yake. Nikifunga mzunguko kwa kosa lisilozidi milimita thelathini, yamekwisha. Nikishindwa, narudia mwaka. Hakupaza sauti hata kidogo. Bora angenifokea.

Shangazi, aliyenilea, alishatamka zamani: nikirudia mwaka, nirudi nyumbani nikamkunjie mashuka kwenye duka lake la kufulia nguo mpaka nizeeke. Na Shangazi hana utani. Chakula hakipiti kooni.

Alhamisi, 7 Machi

Chakula kimepita. Nina mpango.

Nimemwomba Rula daftari lake la mwaka jana, nikasema nataka kuiga mwandiko. Amenipa bila swali, kwa macho ya huruma. Vipimo vyote vya uwanja ule nimevinakili kwa wino kwenye mkono wangu wa kushoto, toka kiwiko mpaka kiganja. Kesho navaa shati la mikono mirefu. Babu amesema akili ninayotumia kukwepa kazi ingetosha kuifanya mara mbili. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi

Jua la kupasua kichwa. Mwalimu kaketi kivulini. Amenipa msaidizi wa kushika fimbo ya kupimia. Nani? Rula! Kisha akasema nikunje mikono ya shati, joto hili litaniua. Nikasema nasikia baridi.

Kufika kigingi cha pili, jasho lilikuwa limegeuza mkono mzima uji wa bluu. Hakuna hata tarakimu moja iliyosomeka.

Basi nikapima. Ningefanyaje? Rula akanirudisha mara tatu nisawazishe kiputo cha chombo, kile kinachoonyesha kama kimekaa sawa. Kila pembe nikaisoma mara mbili. Nilipokiegemea chombo kidogo tu, alinipigia kelele toka ng'ambo ya uwanja. Saa nne nzima! Kigingi cha tano. Nikarudi cha kwanza. Nikakaa kwenye nyasi kupiga hesabu, mashuka ya Shangazi yanapita mbele ya macho yangu moja moja.

Kosa: milimita kumi na tisa.

Kumi na tisa! Nilipiga ukelele mpaka mtunza bustani akaangusha ndoo. Nimelia pia, nakiri, humu tu. Mwalimu akakagua mstari kwa mstari, akasema namba hizi ameziamini, akatia sahihi. Akaongeza kwamba akiulizwa yeye tukio analolipenda katika kazi hii, atalitaja hili: kumwona mwanafunzi akipata kosa lake la kwanza la kweli. Nikashindwa kumtazama usoni.

Halafu Rula, akininawisha mkono kwa maji yake ya kunywa, kaniambia vigingi viwili vilihamishwa mwezi uliopita. Namba zake za mwaka jana zingenizika mzimamzima! Eee Mungu, asante kwa jasho. Kiti cha kuzunguka amekipata yeye. Akichukue, na feni yake! Nimempigia Shangazi kumwambia masomo yanakwenda vizuri. Akauliza kwa nini nahema.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala kama gogo. Nimeamka mwepesi, nina njaa, nampenda kila mtu. Na nimejifunza jambo nitakalolishika maisha yangu yote: usiandike sifuri.

Jumatatu tuna zoezi la mwisho, kupima urefu wa tangi la maji lililo nyuma ya bweni. Nimelimaliza leo, nikiwa kitandani. Mita kumi na mbili na nusu, kosa milimita saba. Saba inaaminika. Nimeidondoshea karatasi maji ya bomba ili yaonekane ni jasho.

Nje nyundo zinalia tangu asubuhi. Babu kachungulia dirishani, akasema mafundi wanalibomoa lile tangi, na mpaka kesho jioni halitabaki hata bati. Akauliza kama bado naikabidhi ile karatasi. Nimecheka sana. Si ndiyo afadhali! Nani sasa atalipima tena anihakiki? Nimeitia tarehe ya Jumatatu, saa nne asubuhi, nikaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la Mwalimu.