Ombi la Kubanduliwa Karatasi Iliyo Mlangoni Pangu

Nyumba nambari 14, orofa ya tatu,
Tassia.
Jumatano.

Kwa Mama Nabiswa, Mwenyekiti wa Wapangaji.

Mama yetu mpendwa,

Natumai mguu unaendelea kupona huko Kaloleni kwa binti yako. Mimi sijambo kiasi, ila kuna karatasi inayonimaliza.

Mwezi jana dada yangu Kavinya, yule wa Buruburu asiyekosa semina, alinihimiza niandike malengo yangu ya maisha. Sharti ni kuyaandika kana kwamba yameshatimia, kisha kuyabandika nitakapoyaona kila siku. Nikaandika manne. Stima ilikuwa imeisha ndani, basi nikayabandika nje, mlangoni, penye taa ya korido. Mjinga mimi! Miaka sita katika jumba hili, nikasahau kwamba hapa karatasi ya mlangoni ni tangazo, na tangazo hubanduliwa na kamati peke yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliandika, "Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri kwa furaha." Siku ya maji ilipofika, na maji hapa hufunguliwa alfajiri, nikakuta mitungi ya jirani yangu Mourine mlangoni, ina jina lake, inangoja kujazwa. Leo ilikuwa mitungi kumi na tisa, ya orofa nzima. Mama, mimi huamka saa moja na nusu, kwa huzuni.

2. Niliandika, "Mimi ni mtu wa watu." Nimeachiwa watoto wawili na kuku mmoja. Luseno naye, ambaye kwa mila yao haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, alimleta mama huyo kwangu anywe chai. Alishinda kutwa. Amesema atarudi.

3. Niliandika, "Sina hofu na lolote." Panya alipoonekana kwa Nasike, niliitwa mimi. Nilikuwa juu ya kiti kabla ya Nasike mwenyewe. Wakadhani natafuta pa kumlengea, wakanipigia makofi.

4. Niliandika, "Mimi ni kiongozi." Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Kwa kuwa wewe msemaji wetu u mgonjwa, wapangaji wameamua kwamba Jumamosi landilodi akija, mimi ndiye nitakayemwambia maji ya siku moja kwa wiki hayatutoshi. Mimi! Mtu ambaye akipewa dukani sabuni asiyoitaka hushukuru na kuiogea! Mwaka juzi landilodi aliniita Andati, nikaitika. Mpaka leo mimi ni Andati.

Jumapili nilijaribu kuibandua mwenyewe. Mourine akanikuta, akadhani watoto ndio walioirarua, akaibandika upya huku akiwalaani. Mimi nikamshikia kona.

Kwa hivyo naomba kamati iibandue kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, iweke tangazo lake juu ya langu, lenye muhuri, liseme: "Mutie wa 14 ni mwoga. Asisumbuliwe." Sitaona vibaya, ni kweli tupu.

Nisalimie binti yako, wajukuu, na wote wanaokukanda huo mguu. Wa huku wanakusalimu, na kuku pia.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, asiyeongoza chochote,

Mutie Nzivo

N.B. Leo ni Jumamosi jioni. Barua haikukufikia kwa sababu niliona haya kumwomba mtu anipelekee. Landilodi alikuja. Akauliza msemaji ni nani, na jumba zima likanyooshea kidole mlango wangu. Nilifungua kinywa niseme si mimi, ila mbele yangu ilikuwa imepangwa ile mitungi yote, mitupu, na majina ya watu. Nikasema maji. Nilisema mpaka mwisho, Mama. Tumepewa siku tatu kwa wiki. Akaniambia, "Sawa, Andati." Nikamwambia mimi ni Mutie.

Yote niliyoandika hapo juu usiyajali. Ukirudi njoo na selotepu, ile karatasi imeanza kubanduka kona ya chini.