Mshamu na Maziwa ya Mvuke

Mshamu alijua mambo ya kahawa kuliko mbuni wenyewe! Hivyo ndivyo alivyosema kwa kinywa chake, na hakuna aliyembishia, maana Salale nzima hapakuwa na mbuni hata mmoja wa kuulizwa.

Alikuwa mtu wa maneno makubwa na mabega madogo. Wali ukimuungulia, alisema umepikwa Kiarabu. Samaki wakimkimbia mtegoni, alisema amewasamehe. Mkewe, Biasha, alikwisha kumzoea.

"Mume wangu," alimwambia, "Mungu kampa kila mja ulimi mmoja. Wewe naona ulichukua na wa jirani."

Ulimi huo ndio uliomponza mwaka wa vita vya Maji Maji.

Asubuhi hiyo meli ya moshi ya Wadachi ilikuwa imetia nanga kando ya mikoko, na askari walikuwa wakikusanya wapagazi. Kikosi kilitakiwa kitembee hadi Kibiti, kivuke mto pale Ndundu, kisha kipande milima ya Matumbi. Kila mpagazi na sanduku lake la risasi kichwani. Hakuulizwa mtu kama anataka, wala kama ameacha nani nyumbani. Wengi waliopangwa mstari siku zile hawakurudi, na makaburi yao hayajulikani yalipo. Mola awarehemu, awape kivuli siku ile isiyo na kivuli ila chake.

Mshamu naye alikuwa mstarini.

Juu ya meli, chini ya turubai, Bwana Kapteni alikuwa akigombana na kikombe. Masharubu yake yalisimama kama pembe za nyati aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Hii nini?" alinguruma. "Hii matope! Mimi nilikunywa kahawa Italia! Kule iko mashine, inasukuma kahawa kwa mvuke! Juu yake maziwa, iko povu, nyeupe, laini kama mto wa kulalia! Hapa hakuna mtu anajua?"

Hata kaa matopeni waliacha kutembea.

"Mimi najua, Bwana!"

Watu wote waligeuka kumtazama huyo mwendawazimu. Mshamu mwenyewe aligeuka, akidhani aliyesema ni mtu wa nyuma yake.

"Wewe mpishi?" aliuliza Kapteni.

"Mpishi ni neno dogo, Bwana! Babu yangu alimpikia kahawa Sultani, Sultani akalia!"

Babu yake alikuwa msuka mitego, na aliyewahi kulia kwa ajili yake ni mkewe tu.

Kapteni alimtazama toka unyayo hadi utosi. Safari haikuwa ndefu. "Kesho asubuhi," alisema. "Povu ikisimama, wewe mpishi wangu, hapana beba sanduku. Povu ikianguka, beba masanduku mawili."



Mvuke wenyewe haukuwa taabu. Fundi wa mashine ya meli alikuwa Nassibu, mtu mpole wa Lindi, na alikuwa na bomba jembamba la shaba alilopitishia mvuke kusafishia vyuma vyenye mafuta.

"Bomba nitakuchemshia likatakate," alisema Nassibu. "Wewe niambie tu, unatia maziwa gani?"

Hapo ndipo penyewe! Mshamu akakaa kitako kuchagua maziwa kama kadhi anayechagua mashahidi. Ng'ombe hawakuwako, mbung'o waliwamaliza zamani. Lakini mtoto wa pwani hakosi maziwa maadamu kuna mnazi.

"Biasha! Nikunie nazi! Nataka tui la kwanza, zito, la harusi!"

"Tui lisipokorogwa linakatika, mume wangu. Hata mtoto mchanga anajua."

"Hilo ni la moto wa kuni. Huu ni mvuke wa Kidachi, una adabu zake!"

Bomba likazamishwa katika sufuria. Likanguruma kama kiboko mwenye mafua! Moshi ulipotulia, mafuta yalikuwa yakielea juu, maji ya kijivu yako chini, na nyusi za Nassibu zinadondosha tui kama paa la makuti baada ya mvua.

"Limekatika," alisema Biasha.

"Limepumzika," alisema Mshamu.

Akaenda dukani kwa Banyani, akabadilisha kofia yake ya Idi kwa kopo la maziwa ya Ulaya, mazito na matamu kama asali. Ya Mdachi mpe Mdachi! Mvuke ulipoyaingia yakageuka rangi ya kahawia, yakanuka sukari iliyoungua, yakaziba bomba. Nassibu akaligonga nyundo. Bomba likakohoa, donge likaruka juu, likajibandika katikati ya bendera ya Kaiza!

"Yarabi!" alinong'ona Nassibu, akapanda mlingoti kuikwangua bendera kabla askari hawajainua macho.

Kwa jirani wakapata kibuyu cha maziwa ya mbuzi yaliyokamuliwa jana yake. Haya yalitoa vipovu vichache kama sabuni ya mtu bahili, vikafa kimoja kimoja, kisha maziwa yakagandamana. Mshamu akayaonja, akakunja uso.

"Yamelala haya," alisema. Mara akaruka! "Biasha! Povu linataka maziwa yasiyolala! Yatoke kwenye chuchu yaingie kwenye mvuke!"

"Na mbuzi anayekamwa sasa yuko kwa nani?" aliuliza Biasha, akitabasamu kama mtu anayejua.

Furaha ikamtoka Mshamu. Mbuzi huyo, Sultana, yuko kwa mama mkwe.

Mkwe hatazamwi usoni. Mkwe hali nawe sahani moja. Sasa itakuwaje kumwendea mkwe kuzungumzia chuchu? Mshamu alifika kwa Bi Mwanajuma, akasimama nje ya ua, akausemesha mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeinama? Umepoteza sindano?"

"Mama, nimekuja... ni habari ya Sultana. Ile... ile sehemu yake ya chini..."

"Kiwele! Sema kiwele, mwanangu, jua linazama!"

Mshamu akaeleza yote, akiutazama msingi wa nyumba.

"Mwanangu Abbasi walimchukua na kikosi cha kwanza," alisema Bi Mwanajuma. "Mpaka leo sijasikia habari zake. Sitaki na Biasha akae akiitazama njia kama mimi. Mchukue Sultana. Lakini sikiliza! Hatoi maziwa bila mwanawe kuwa karibu. Na akitembea juani kiwele kinakauka. Akipata dhara, usirudi kwangu. Wala kwa Biasha usirudi, maana nitakuwa nimemchukua."

Kulipopambazuka, baada ya swala, Sultana alikuwa kando ya meli akimnusa mwanawe. Mshamu akakamua. Maziwa ya moto yakaingia sufuriani, Nassibu akafungua bomba, Biasha ukingoni akashika tasbihi.

Bismillahi!

Safari hii bomba halikunguruma. Lilinong'ona. Maziwa yakazunguka polepole, yakanenepa, yakapanda, yakawa povu jeupe, laini, linang'aa kama kanzu ya bwana harusi! Nassibu akalimimina juu ya kahawa nyeusi, likasimama pale juu, halitikisiki.

Kapteni akanywa. Akafumba macho. Masharubu yake yakawa meupe, akafanana na shekhe mwema asiyejua vita ni nini. Akasema jambo la Kidachi kwa sauti ndogo.

"Vizuri sana!" alisema alipofumbua macho. "Wewe hapana beba sanduku."

Alhamdulillahi! Ilimpasa Mshamu aseme ahsante, afunge kinywa, aende zake. Biasha ukingoni aliweka kidole midomoni. Nassibu alimkanyaga mguu. Lakini mbele ya ulimi ule, hata ukuta wa boma ungekuwa pazia tu!

"Bwana Kapteni," alianza, kifua mbele, "watu wengi hupika. Wachache hujua! Siri ya povu ni maziwa yasilale. Yakikaa hata kitambo cha rakaa mbili, yamekufa!"

"Kila kikombe, maziwa mapya?"

"Mapya, Bwana! Papo hapo!"

"Mbuzi yoyote?"

"Mbuzi yeyote? La, Bwana, watakulisha sabuni! Ni Sultana peke yake. Mimi naye ni watu wa siku nyingi." Walijuana tangu jana magharibi.

"Anatembea mbali?"

"Sultana atembee? Kiwele si kitakauka!"

"Na mtoto wake?"

"Bila mtoto hatoi hata tone!"

Kapteni akaitikia kwa kichwa polepole, akafuta masharubu, akamgeukia Nassibu.

"Fundi, tia bomba kwenye birika kubwa. Mimi nakwenda Matumbi. Kahawa inakwenda Matumbi." Kisha akamwelekezea Mshamu kijiko. "Mpishi, mbuzi hapana tembea. Beba mbuzi."

"Bwana," Mshamu alisema, sauti imekonda, "mimi nilidhani mpishi anabaki melini..."

"Mimi nabaki melini?"

"La, Bwana."

"Basi!"

Kikosi kikashika njia ya Kibiti. Wapagazi mbele na masanduku yao, na nyuma yao Mshamu: Sultana begani kama mtandio, miguu minne imeshikwa kifuani, mwanambuzi ndani ya kikapu tumboni, birika la bomba mgongoni, likimgonga kila hatua kumkumbusha babu yake.

Bi Mwanajuma aliwafuata mpaka nyumba ya mwisho. "Mshamu! Usimbane mbavu! Inua shingo, unamkunja mguu!" Alipofika mahali ambapo askari hawakumruhusu kupita, akashusha sauti. "Mwanangu. Ukimkuta Abbasi wangu huko, mpe kikombe kimoja."

"Nitampa, mama," alisema Mshamu, na hilo alilisema bila kuongeza neno.

Jua lilipopanda, Sultana akaanza kujisikia yuko nyumbani. Kwanza jambo la moto likamteremkia Mshamu mgongoni. Halafu vikaanza vile vidonge vyeusi, vya mviringo, kimoja baada ya kingine, vikiingia ndani ya ukosi wa kanzu na kushuka hadi kiunoni.

Mshamu akakaza mwendo, akamfikia mpagazi aliyekuwa mbele yake, Muhidini.

"Ndugu yangu Muhidini, mtoto wa watu! Nihurumie, tubadilishane. Hata mpaka Kibiti tu! Nipe hilo sanduku!"

Muhidini aligeuka taratibu chini ya mzigo wake. Akamtazama Sultana, akamtazama mwanambuzi, akakitazama kidonge kilichokuwa njiani kuingia kwenye ukosi.

"La, mpishi," alisema. "Sanduku langu limejaa risasi, lakini tangu tuondoke halijanifyatulia hata moja."