Simu ya Mama Isiguse Mtandao

Jumatatu, 3 Machi
Simu ya Mama iko mfukoni mwangu! Nimeichukua kwa dada alipokuwa akiwaaga waombolezaji. Anadai Mama alimwachia yeye cherehani. Thubutu! Mama alinipa mimi, na siku hiyo alikuwa akijirekodi. Rekodi zake zote zilihifadhiwa mtandaoni, ila shemeji, mjuaji wetu, amezifuta akidhani ni takataka.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona Miwani, anayefukua ushahidi kwenye simu kwa ajili ya mawakili. Anasema simu ilizimwa kabla shemeji hajafuta, hivyo nakala huenda zimo. Ila isiguse mtandao: ikiona kule ni kutupu, nayo itajifuta ifanane. Akaitumbukiza kwenye mfuko wa kuzuia mawimbi. Nikamuuliza kama ameifunga isipate baridi. Hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Zimo! “Kikohozi cha leo.” “Kwa wanangu wawili.” Nilimsihi Miwani anisikilizishe mwanzo tu wa hiyo ya pili. Mama anakohoa, anauliza kama kidude kinanasa, kisha ananiita Kitumbo, jina langu la utotoni. Nikasema ofisi ina vumbi. Miwani atanakili kesho mashine ikiwa wazi.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani alitoka kula. Nikaona nimtumie dada rekodi papo hapo, anyamaze. Neno la siri la mtandao wa ofisi limebandikwa ukutani. Nikaiunganisha simu. Kidogo tu! Majina yakaanza kupotea, moja baada ya jingine. Nikaipiga simu kofi. “Kwa wanangu wawili” ikaondoka mwisho.
Miwani hakunigombeza. Aliuliza tu kama jana nilisikia vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema basi niishike sauti hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza dada. Nilitarajia matusi. Aliuliza kama Mama alimtaja na yeye. Nikasema alimtaja wa kwanza. Akalia sana. Sikujua pa kuweka mikono.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kaniletea cherehani, hataki tena ugomvi. Nimeiweka mezani. Haina kazi, sijui kushona.
Kasema kishikwambi cha Mama kipo kabatini kwake, kimezimwa tangu alazwe. Huenda rekodi imo. Asikiguse mtu mpaka Miwani aje Jumatatu.
Sawa kabisa. Ila Jumatatu ni mbali, na kesho dada hashindi nyumbani. Jirani yake kanipa neno la siri la mtandao wake. Nitakiwasha kidogo tu, nione kama Mama bado yumo.